Matembele ya ndani ya ndoo

Leo tuongee juu ya matembele. Huku Marekani hayapatikani kila duka, na yakipatikana bei yake inauma. Kumbe kiazi kimoja kinatosha.

Tafuta kiazi kitamu kilicholimwa bila dawa, maana vya dukani huenda vimetiwa dawa ya kuzuia kuchipua. Kilaze kwenye udongo wenye unyevu, mahali pa joto. Machipukizi yakifika urefu wa shubiri, yakate, ondoa majani ya chini, yatie kwenye gilasi ya maji dirishani. Maji yabadilishwe. Baada ya wiki moja hivi utaona mizizi.

Usiyatoe nje mpaka baridi ya kugandisha iishe kabisa. Na tafadhali sana, msichimbe kando ya ukuta wa nyumba ya zamani. Rangi nyingi za kabla ya 1978 zilikuwa na madini ya risasi, huenda yameingia kwenye udongo wa pale, na risasi hudhuru akili za watoto. Chukua ndoo, toboa matundu chini, jaza udongo wa kununua. Mwenye nyumba naye hatakuta bustani yake imechimbwa.

Watoto waambiwe mapema: majani ya viazi mviringo yana sumu, hayaliwi.

Kabla baridi haijarudi, kata marando machache, yarudishe kwenye gilasi ndani ya nyumba. Hayo ndiyo mbegu ya mwaka ujao. Yangu yako pale mezani. Kila nyumba ichukue mawili.