Picha Safi, Mgongo Mgonjwa

Kule Newala na Masasi maumivu ya mgongo si habari. Aliyeshinda akipalilia mikorosho au kupandisha maji kutoka bondeni huumwa, akapumzika, akapata nafuu.

Lakini leo nataka kuzungumzia mgongo usiotulizwa na mapumziko. Huanza polepole kwa kijana asiyefika miaka 45, hupita miezi mitatu, humwamsha usiku, na asubuhi huwa umekakamaa. Akilala unazidi, akitembea unalegea. Majirani humwita mvivu, kumbe huenda ni baridi yabisi ya uti wa mgongo.

Akipigwa eksirei, picha yaweza kutoka safi. Mimi nasema asiambiwe kuwa anajisingizia. Eksirei huonyesha mfupa uliokwisha haribika, na pale uti unapoungana na nyonga madhara huchukua miaka kuonekana. Mashine ya MRI, itumiayo sumaku, huuona uvimbe mapema. Vigezo vya wataalamu vya mwaka 2009 viliikubali kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, ugonjwa huu ni adimu kwa Waafrika. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kichunguzwe kwanza, hasa penye homa, kukonda na jasho la usiku.

Na anayetibiwa asidai eksirei kila mwezi. Mfupa hubadilika taratibu. Picha mbili huachana miaka miwili au zaidi.

Basi, ukifika hospitali, iwe Ndanda au Newala, usiseme tu "mgongo unauma". Mweleze daktari unauma saa ngapi, na tangu lini. Maelezo hayo ndiyo yatakayomwongoza kuchagua kipimo.