Mkutubi Aliyegombana na Watu wa Blogu



Ndugu zangu, dada zangu, nimeombwa niseme kuhusu adabu ya kuandika mtandaoni. Najua mkisikia neno adabu mnajua mmekuja kukaripiwa. Sikuja kumkaripia mtu. Nina aibu yangu mwenyewe ya kuwaeleza, lakini nitaanza na ugomvi wa wakutubi wa Marekani, maana ndio ulionifungua macho.

Desemba 2004 Google ilitangaza kwamba itapiga skani vitabu vya maktaba kubwa kubwa: Harvard, Stanford, Michigan, Oxford na maktaba ya umma ya New York. Wengi walishangilia. Mzee mmoja, Michael Gorman, mkutubi Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi California, hakushangilia. Na hakuwa mtu mdogo. Alikuwa ameshachaguliwa kuwa rais ajaye wa American Library Association, chama cha wakutubi wa nchi nzima. Akaandika katika gazeti la Los Angeles Times kwamba kitabu si rundo la aya. Ukimpa mtu aya moja iliyochomolewa katikati umempa habari, hujampa elimu.

Hapo mzee alikuwa na hoja, ama? Sisi tunaijua hii. Mara ngapi umeletewa hadithi kwenye WhatsApp, haina kitabu, haina mpokezi, na chini yake umeambiwa utume kwa watu kumi?

Lakini kwenye blogu wako waliomjibu kwa kejeli tu: mzee wa kale, adui wa maendeleo. Mzee naye akapandwa na hasira. Februari 2005 akaandika kwenye jarida la Library Journal makala aliyoipa jina "Revenge of the Blog People!", yaani kisasi cha watu wa blogu. Humo akasema ana shaka kama hao watu wana mazoea ya kusoma maandishi mazito. Moto ukawaka. Maana wakutubi wenyewe, wanachama wake, walikuwa na blogu! Ile hoja ya aya na kitabu ikasahaulika, ikabaki nani kamtukana nani.

Linaloniuma ni hili. Huyu huyu Gorman, mwaka 1995, pamoja na Walt Crawford, alitunga kanuni tano mpya za maktaba, wakifuata zile za Ranganathan wa India za 1931. Moja inamtaka mkutubi aheshimu kila njia ambayo elimu hupitia. Kila njia, wallahi. Miaka kumi baadaye njia mpya ikamjia mlangoni, ulimi ukamshinda.

Na hao wa blogu ni nani? Chukua Jessamyn West, mkutubi wa Vermont. Alianza kuandika librarian.net mwaka 1999. Ilipokuja sheria ya Patriot Act mwaka 2001, ambayo Waislamu wa Marekani wanaijua vizuri, FBI walipata nguvu ya kudai rekodi za maktaba, na mkutubi akakatazwa kumwambia mtu. Yeye akatengeneza mabango ya kubandikwa maktabani, akayaweka kwenye blogu. Moja lilisema FBI hawajafika hapa, na likamwambia msomaji aangalie vizuri siku bango litakapoondolewa. Bango tu! Hakutukana mtu, na kila msomaji akaelewa. Huyo ndiye asiyesoma maandishi mazito?

Gorman mwenyewe Juni 2007 alikuja kuandika dhidi ya mambo haya ya mtandao. Aliandikia wapi? Kwenye blogu ya Britannica.

Sasa aibu yangu. Miaka miwili nyuma niliandika posti kuhusu mkutubi mmoja wa mji wetu. Kijana alikuja kunilalamikia kwamba ametolewa maktaba kwa sababu ya simu. Sikuuliza. Nikaandika kwamba mzee huyu ni mlinzi wa vumbi, anaogopa intaneti, na nikaweka picha yake. Komenti zikamiminika, nami nikajiona shujaa.

Kumbe kijana alikuwa anatazama mpira kwa sauti, pembeni yake watoto wa kidato cha nne wanajiandaa kwa KCSE. Na huyo "anayeogopa intaneti" alikuwa na grupu la WhatsApp, anawatumia wanafunzi karatasi za mitihani iliyopita, anazipiga picha moja moja kwa simu yake na bando lake.

Nilifuta posti, lakini skrinshoti hazifutiki, bado zinazunguka. Nikaenda kumwomba radhi uso kwa uso, maana kumwomba radhi kwa posti niliona ni kujitafutia laiki nyingine. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, si ungeniuliza? Mimi niko hapa saa mbili mpaka saa kumi na moja."

Akaniingiza kwenye grupu lake nimsaidie. Lina sharti moja: ukituma kitu, sema umekitoa wapi, kitabu gani, ukurasa wa ngapi. Ukisahau hakugombezi wala hakutoi. Anaandika neno moja tu chini ya ujumbe wako: "Ukurasa?"

Mimi nimeshaandikiwa mara mbili.