Urafiki wa Emma na Harriet

 Mazungumzo yangu ni juu ya kitabu cha hadithi kiitwacho Emma, kilichotungwa na mwanamke wa Kiingereza, Jane Austen. Kilitoka London mwezi wa Desemba 1815, wala jina la mtungaji halikuandikwa juu yake. Yeye alifariki mwaka 1817, umri wake miaka 41. Katika kitabu hiki hamna vita wala safari za mbali. Mna wasichana wawili, na swali moja: Je, mtu aweza kumpenda rafiki yake na huku anamharibia maisha?

Emma Woodhouse ni binti wa tajiri katika kijiji cha Highbury, umri wake karibu miaka 21, mzuri wa sura na mwepesi wa akili. Mama yake alikufa zamani. Mwanamke aliyemlea ameolewa na kuhama. Nyumbani amebaki na baba yake mzee tu. Harriet Smith ana miaka 17. Anakaa katika shule ya kijiji, na baba yake hajulikani ni nani. Ni mpole, mwenye moyo safi, mwepesi wa kusadiki. Emma akampenda, akamfanya shoga yake, akakusudia kumfunza adabu za wakubwa. Lakini tangu siku ya kwanza mmoja alikuwa mwenye kusema, na mwingine mwenye kuitikia.

Palikuwa na kijana mkulima, Robert Martin. Harriet alipata kukaa miezi miwili kwa mama yake na dada zake, na siku moja kijana huyo alizunguka maili 3 kumletea kokwa, kwa kuwa alimsikia akisema azipenda. Kisha akamwandikia barua ya posa. Harriet akaichukua mbio kwa Emma ili apate shauri.

Hapa na tusimame kidogo. Emma aliisoma barua, akaona imeandikwa vizuri kuliko alivyotazamia, kwa maneno ya wazi ya mtu mwenye heshima. Moyo wake uliyaona hayo. Ulimi wake ukasema yamkini dada zake wamemsaidia. Akasema hatatoa shauri, maana jambo ni la Harriet mwenyewe. Lakini akaongeza kwamba mwanamke akisitasita kukubali, yampasa kukataa. Harriet aliposema atakataa, ndipo Emma alipomfunulia kwamba kama angaliolewa na mkulima, yeye asingaliweza kumtembelea. Msichana akashtuka kwa hatari aliyoiponea. Jibu likaandikwa, na Emma akasaidia katika kila sentensi.

Neno lile la kutotembeleana lilitamkwa mwisho, wala Harriet hakuwa amelifikiri kabla, lakini alikuwa ameitafuta nia ya shoga yake tangu mwanzo. Katika mizani, upande mmoja paliwekwa mume mwema, na upande wa pili urafiki wa Emma. Mtoto asiyejua baba wala mama angaliwezaje kuchagua kwa uhuru?

Bwana Knightley, mwenye lile shamba alilolikodi Martin, alimwambia Emma waziwazi kwamba hakumtendea Harriet urafiki. Emma hakusikia. Akamwelekeza Harriet kwa padre wa kijiji, kumbe padre alimtaka Emma mwenyewe. Harriet alilia, wala hakumlaumu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Emma alimfunza Harriet kutazama juu, na Harriet akatazama juu hata akamfikia Bwana Knightley, ambaye usiku mmoja wa dansi alimwokoa na aibu padre alipokataa kucheza naye. Harriet alipoyatamka hayo, Emma alifahamu mara moja kwamba yeye ndiye ampendaye Knightley, na kwamba tumaini la Harriet ni kazi ya mikono yake mwenyewe.

Mwishowe Harriet alipelekwa London kwa dada yake Emma. Huko Robert Martin alimposa mara ya pili, naye akakubali. Waliolewa mwezi wa Septemba, na Emma alimsindikiza kanisani. Lakini urafiki wao ulipoa, na kutembeleana kukapungua. Wako wasomaji wanaouchukia mwisho huo, wakisema kwamba kiburi cha daraja hakikumtoka Emma. Mimi nakubaliana nao. Walakini naona Harriet alipata kitu kilicho bora kuliko shoga tajiri: alijibu posa yake kwa kinywa chake.

Basi, wasikilizaji wangu, siku rafiki yako atakapokuletea barua yake, isome, umwulize moyo wake wasemaje, kisha umrudishie mkononi.