Kabla Hujamwogopa Papa

Leo tuongee juu ya papa, maana wengi mnauliza: "Nikiogelea baharini, papa hatanila?"

Tusidanganyane: wapo papa wanaouma watu. Lakini hebu tutazame hesabu. Mwaka 2024, kumbukumbu za kimataifa zinazotunzwa Florida, Marekani, ziliandika watu 47 walioumwa na papa bila kumchokoza. Wanne walikufa. Mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Umeona? Mkondo mkali na kuogelea peke yako ni hatari kubwa kuliko papa.

Zipo aina zaidi ya 500 za papa, na zinazohatarisha watu ni chache. Papa potwe, anayeonekana kule Mafia, Tanzania, ndiye samaki mkubwa kuliko wote, lakini hula vijidudu vya baharini na samaki wadogo.

Mbona basi papa humuuma mtu? Pengine anakosea tu. Yeye hunusa damu na huhisi kitu kinachotapatapa majini. Maji yakiwa ya tope au mwanga hafifu, mguu wako anaweza kuudhania samaki. Kwa hiyo:

- Usiogelee alfajiri, magharibi wala usiku.
- Epuka midomo ya mito, na mahali wavuvi wanapotupa matumbo ya samaki.
- Usijifunge kiunoni samaki uliyemvua.
- Ogelea na wenzako, karibu na ufuko.
- Ukimwona papa, usimguse wala usirusherushe maji. Mtazame huku ukirudi ufukoni taratibu.

Je, mwenzako akiumwa? Mtoeni majini, kandamizeni jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi bila kuachia, mkimbizeni hospitali. Hata jeraha dogo lisidharauliwe. Huweza kuingia vijidudu, na pepopunda si mchezo.

La mwisho, heshima. Papa wengi hukomaa polepole na huzaa watoto wachache. Hata hivyo, kila mwaka binadamu tunaua mamilioni yao kwa nyavu na ndoana, wengine kwa sababu ya mapezi tu. Wakipungua, wavuvi wetu nao wataumia, kwani bahari hutegemea kila kiumbe wake.

Sasa niambieni, jamani: kati ya papa na sisi, nani amwogope mwenzake?

Haya, nani ana swali?