Mtoto Anayemeza Dawa Asizozijua: Mazungumzo ya Familia Kuhusu VVU

Mada kwa warsha ya washauri nasaha, wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii na walezi, Kibuye, Kisumu



Nimeombwa nizungumzie mawasiliano ya familia wakati mzazi au mtoto anaugua ugonjwa mzito. Mawasiliano ni yote yanayosemwa na yanayonyamaziwa nyumbani baada ya daktari kumaliza yake. Ugonjwa mzito ni ule unaobadilisha maisha ya nyumba nzima: saratani, selimundu, maradhi ya figo, VVU. Mlezi ni yeyote anayemlea mtoto, awe mzazi, nyanya, shangazi au kaka mkubwa. Haya mnayajua. Muda uliobaki nitautumia kwa jambo moja: mtoto aliyezaliwa na VVU, anayemeza dawa kila siku, na ambaye hakuna aliyemwambia ni za nini.

Hapa Kisumu na katika kaunti za karibu, Siaya, Homa Bay na Migori, ambako maambukizi yamekuwa juu kuliko sehemu nyingi za Kenya kwa miaka mingi, mtoto huyu si mgeni kwetu. Dawa zake zimeboreka sana. Siku hizi hata mtoto mchanga anapewa kidonge cha dolutegravir kinachoyeyuka majini, badala ya ile sharubati chungu aliyokuwa akiitapika. Lakini ameambiwa ni dawa ya kifua. Mwenzake ameambiwa ni ya malaria, mwingine vitamini. Akiwa na miaka mitano maelezo hayo yanamtosha. Akifika kumi anauliza kwa nini kifua hakiponi, kwa nini ndugu zake hawamezi, kwa nini chupa imebanduliwa karatasi. Asipojibiwa, atapata jibu kwenye somo la sayansi, kwenye bango la kliniki, au kinywani mwa binamu siku ya ugomvi. Baadaye vidonge vinaanza kutupwa chooni. Sisi tunaona tu kwamba wingi wa virusi umepanda, na tunaandika kwenye faili kuwa mtoto hafuati matibabu.

Mwongozo haukukosekana. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba watoto wa umri wa shule waambiwe hali yao, na walio wadogo zaidi waelezwe kidogo kidogo, kadiri ya uelewa wao. Miongozo ya Kenya inafuata njia hiyo hiyo. Basi mbona watoto wanafika ujana bila kujua?

Jibu langu ni kwamba tunajishughulisha na kumwandaa mtoto, ilhali anayehitaji kuandaliwa kwanza ni mlezi. Siri ya mtoto imebeba siri ya mama. Mtoto akiambiwa amezaliwa na virusi, swali lake la pili litakuwa vilitoka wapi. Mama anayeuza mitumba sokoni Kibuye, ambaye mumewe wa sasa hajui hali yake, anatambua kwamba jibu hilo litatembea na mtoto wa miaka minane hadi kwa majirani. Nyanya ana hofu nyingine. Kwake, kusema ni kufukua kifo cha binti yake, kifo ambacho ukoo ulikwisha kukubaliana kukiita chira, adhabu ya kuvunja mwiko. Watu hawa si wakaidi. Wana sababu, na bado hawajapata mtu wa kuketi nao akazisikiliza bila kutazama foleni iliyo mlangoni.

Nasi watumishi tuna mahali petu pa kujificha. Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inalinda siri ya mgonjwa. Ni sheria njema, na simshauri mhudumu yeyote ampite mlezi. Lakini ulinzi wa siri haujawahi kumzuia mshauri kufanya kazi na mlezi mpaka awe tayari. Katika faili utakuta maneno yale yale, "mlezi hajawa tayari", yamenakiliwa ziara baada ya ziara, miaka inapita, na hakuna aliyeandika mlezi anaogopa nini. Hili limenikera kwa muda mrefu, na nalisema nikijua wapo wakubwa wangu humu ndani.

Mambo mawili yameongeza ugumu. Utaratibu wa kutoa dawa za miezi kadhaa kwa pamoja umewapunguzia watu nauli na foleni, nami nauunga mkono. Ila nyanya anaweza kuchukua dawa peke yake, na mtoto aliye shuleni asionekane kliniki kwa muda mrefu. La pili, Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, kliniki ziliguswa mahali ambapo mazungumzo haya hufanyika: washauri na kina mama wanaoishi na VVU waliokuwa wakiwashika wenzao mkono.

Jirani zetu wa Uganda wana la kutufundisha. Chama cha wanawake wanaoishi na UKIMWI, NACWOLA, kilichoanzishwa mwaka 1992, kiliwasaidia kina mama kuwaandikia watoto vitabu vya kumbukumbu: asili ya ukoo, habari za baba, mtoto alivyozaliwa, na ugonjwa wenyewe. Mama aliyeshindwa kutamka aliweza kuandika, na akiandika alijikuta tayari kusema. Kinachohitajika ni daftari la shule na mtu wa kumsaidia asiyejua kuandika.

Napendekeza kila kliniki imteue mtu mmoja wa kuwajibika kwa kazi hii, na jina lake lijulikane. Mlezi aandaliwe kabla ya mtoto, kwa Kiluo ikiwa ndiyo lugha anayolilia, si kwa fomu ya Kiingereza. Hofu yake iandikwe kwenye faili kama ilivyo, pamoja na hatua itakayofuata. Ziara za likizo za Aprili, Agosti na Desemba zitengwe kwa mazungumzo, mtoto akiwepo, hata kama dawa zilikwisha kuchukuliwa. Wahudumu wa afya ya jamii wasaidie pale tu mlezi aliporidhia, maana wao ni majirani zake. Kijana aambiwe pia habari njema: virusi visipoonekana kwenye vipimo, haviambukizwi kwa kujamiiana, naye ataweza kuoa au kuolewa na kuzaa. Mtoto anayekwenda shule ya bweni ajue hali yake kabla ya kuondoka, kwa kuwa huko ndiye atakayejimezesha dawa. Serikali ya kaunti iwaajiri washauri kwa bajeti yake yenyewe. Narudia lile la kwanza: mlezi aandaliwe, na awepo mtu wa kuulizwa asipoandaliwa.

Mkirudi kazini, nawaomba mtoe faili za watoto wote waliotimiza miaka minane. Ile isiyo na maandishi ya mazungumzo, mwiteni mlezi wake wiki hiyo hiyo.