Usafiri, Viwanda na Kukua kwa Miji ya Kanda ya Kati: Nafasi ya Shelui

Shelui ipo kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Dodoma na Singida, kuelekea Igunga na Nzega, na kutoka huko hadi Mwanza na mpaka wa Rusumo. Usiku na mchana malori yanashuka mlima Sekenke na kupita hapa. Ndiyo maana wengi wetu tunaamini kwamba barabara ndiyo mtaji wa mji huu, na kwamba mradi malori yanapita, mji utakua wenyewe. Mada hii inapinga imani hiyo. Njia huwaleta watu, lakini mji haukui mpaka njia ikutane na kazi isiyohamishika kirahisi: karakana, kiwanda, ofisi au soko la mazao.

Ushahidi wa kwanza ni makao makuu ya nchi yetu. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kabla yake, misafara ya wapagazi ilipita Mpwapwa na Kilimatinde, na Wajerumani walikuwa na boma katika sehemu zote mbili. Reli iliziacha pembeni. Kilimatinde, iliyokuwa kituo kikubwa ndani ya mkoa wetu wa leo wa Singida, ilififia, na Manyoni iliyopata stesheni ikawa makao makuu ya wilaya. Dodoma ilipata stesheni, kisha barabara kuu ya kaskazini na kusini ikakatiza hapo hapo, na Waingereza wakaweka makao makuu ya Jimbo la Kati. Mji wa njia panda ukapata ofisi, na ofisi zikahitaji mafundi, wafanyabiashara, shule na hospitali.

Zipo hoja za kupinga maelezo haya. Wapo wanaosema Dodoma ni zao la siasa tu, kwa kuwa uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanywa na TANU mwaka 1973. Ni kweli, siasa iliamua. Lakini siasa ilichagua mahali ambapo reli na barabara zilikuwa zimekwisha kukutana, na uamuzi wenyewe haukutosha: Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliundwa mwaka huo huo, ikapima viwanja na kuchora ramani, ila Serikali iliendelea kukaa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 40. Rais John Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba Serikali inahamia kweli, wizara zikaja na kazi zake, na hapo ndipo kasi ilipobadilika. Dodoma ikawa jiji mwaka 2018. Sensa ya 2012 iliikuta na watu takriban 411,000, na ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000. Treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, wakati jiji limekwisha kufurika. Ramani ilikuwapo miaka yote hiyo, na stesheni pia. Kilichokosekana ni kazi.

Ushahidi wa pili uko karibu zaidi nasi, nao ni mchungu. Dhahabu ya Sekenke ilianza kuchimbwa na Wajerumani mwaka 1909. Mwaka 1916, walipozingirwa na vita na kukosa fedha, dhahabu ya hapa ilipelekwa katika karakana ya reli karibu na Tabora, na huko ikatengenezwa sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Sarafu hizo leo zinatafutwa na wakusanyaji duniani kote. Lakini tazameni ni nini kilichobaki Sekenke yenyewe: mashimo na marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa. Madini yalitoka hapa, utaalamu, mashine na fedha vikakaa kwingine. Njia isiyo na kazi nayo haidumu: reli ya tawi iliyojengwa katika miaka ya 1930 kutoka Manyoni hadi Kinyangiri iling'olewa baadaye kwa kukosa mzigo wa kutosha. Reli ya kusini, kutoka pwani ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, ilipatwa na yale yale baada ya karanga kushindwa.

Mtu atauliza: je, si malori ndiyo yanayomlisha mama lishe, mwenye gereji na fundi wa puncha wa Shelui? Ndiyo, na riziki hiyo isidharauliwe. Ila inategemea dereva kuchagua kusimama hapa badala ya Misigiri au Igunga. Tena reli ya kisasa inayoendelea kujengwa kutoka Makutupora kwenda Tabora, Isaka na Mwanza haipiti Shelui. Mizigo ya Rwanda na Burundi itakapohamia kwenye mabehewa hadi bandari kavu ya Isaka, sehemu ya malori haya itapungua. Kusema hayatapungua kabisa ni kujifariji. Hata Kilimatinde haikutegemea kuachwa.

Hatuna uwezo wa kuihamisha reli, lakini tuna dhahabu ya wachimbaji wadogo, alizeti ya Iramba na mifugo ya mbuga ya Wembere. Leo makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu yamesambaa ovyo na zebaki inaingia kwenye maji, huku alizeti nyingi ikisafirishwa ikiwa mbegu, na mashudu ambayo yangenenepesha ng'ombe wetu yanauzwa mbali. Halmashauri ya Wilaya ya Iramba ipime sasa eneo moja la viwanda kando ya barabara, lenye umeme wa kutosha na maji, litengwe kwa ajili ya wachenjuaji, wakamuaji wa mafuta na karakana za magari makubwa, na lisigawiwe kwa matumizi mengine. Kazi hiyo ifanyike kabla treni ya mizigo ya reli ya kisasa haijafika Isaka.