Tujue Hali ya Kundi Letu

Masomo: Mezali 27:23-27, Ezra 8:24-34

Leo hatutasema juu ya sadaka, mtulie. Tutasema juu ya valizi moja.

Ilikuwa siku ya kuondoa matanga ya mzee mmoja wa kanisa. Mama mjane alivuta valizi chini ya kitanda, akaifungua mbele yetu, kwa kuwa alitaka watumishi wa Mungu wawe mashahidi. Ndani mlikuwa kadi ya INSS yenye namba iliyofutika nusu, kitabu cha hisa cha AVEC, daftari mbili za likelemba, kadi ya koperative ya akiba, kadi tatu za simu zilizofungwa kwa mpira, na karatasi ya mabati yaliyochukuliwa kwa mkopo. Katika vyote hivyo mama alijua viwili tu. Walikuwa wameishi katika ndoa miaka 31.

Marehemu hakuwa mdanganyifu. Aliweka hapa kidogo na pale kidogo, kama sisi wote tunavyofanya. Hesabu yote ilikuwa ndani ya kichwa chake, na kichwa hicho tulikizika siku ya Alhamisi. Kabla juma halijaisha, mashemeji walianza kuuliza. Kisha akaja mtu mmoja akisema marehemu ana deni lake la dola 400. Hakuna aliyeweza kumwambia ndiyo, wala hapana.

Mwandishi wa Mezali anamwagiza mfugaji ajue vizuri hali ya kila mnyama wake, kwa sababu mali haikai siku zote. Wazee wetu wa Kabare na Walungu walilielewa neno hili bila kufundishwa. Ng'ombe wake mmoja alikuwa kwa jirani, mwingine kwa shemeji mlima wa pili, na mzee aliwajua wote, hata ndama waliozaliwa kule. Alikuwa pia na mtoto wake mkubwa aliyetembea naye na kuonyeshwa. Siku hizi ng'ombe zetu zimetawanyika zaidi ya zile. Moja iko kwenye M-Pesa, moja kwenye Airtel Money, moja katika sanduku la AVEC lenye kufuli tatu, moja kwenye CNSS. Lakini hatutembei na mtu yeyote kumwonyesha.

Tuanze na ile kadi iliyofutika. INSS ilianzishwa mwaka wa 1961, na kwa sheria ya Julai 2016 ikageuka kuwa CNSS. Vijana wanafikiri kadi ya zamani ni ya kutupwa. Msiitupe! Ni kweli kwamba pesa za wakati ule zilikwisha maana: mwaka wa 1993 zaire milioni 3 ziligeuka zaire mpya 1, na mwaka wa 1998 zaire mpya 100,000 zikageuka faranga 1. Wengi wetu tuliwaona wazazi wakilia juu ya vitabu vya akiba. Lakini katika pensheni, kinachoulizwa kwanza ni namba yako na miaka uliyochangiwa. Baba aliyefanya kazi katika mashamba ya chai, kisha katika kiwanda cha kwinini, kisha dereva wa sosiete nyingine, aandike waajiri wote watatu, mwaka wa kuingia na mwaka wa kutoka. Na wewe unayefanya kazi leo, tazama karatasi ya mshahara. Kwa ajili ya pensheni unakatwa asilimia 5, na mwajiri anatakiwa kuongeza 5. Nenda ukaulize kama zinafika. Wafanyakazi wa serikali wakaulize CNSSAP.

Sasa likelemba. Hapa wengi tunajidanganya. Tuseme mko watu 12, kila mmoja anatoa dola 20 kwa mwezi, na zamu yako ilikuwa mwezi wa tatu. Ulipokea 240, lakini ulikuwa umetoa 60 tu. Zile 180 zilizobaki si mali yako, ni deni lako mpaka mwezi wa kumi na mbili. Mwenzako wa zamu ya mwisho, yeye ndiye mwenye akiba. Likelemba ni moja, lakini mmoja ataiandika upande wa mali na mwingine upande wa madeni. Hata mabati yaliyo juu ya nyumba yako yakiwa hayajalipwa, yaandike pande zote mbili. Ukiisha kutoa madeni katika mali, kile kinachobaki ndicho ulicho nacho. Kinaweza kuwa kidogo. Kinaweza hata kuwa chini ya sifuri, na ni heri mkijue pamoja mngali hai.

Februari 2025 ilitufundisha jambo jingine. Benki zilifungwa katika mji huu wa Bukavu, na mtu mwenye akiba yake benki alikosa pesa ya unga. Kwa hiyo pembeni ya kila akiba andika kama unaweza kuifikia leo, au mpaka siku fulani, au haijulikani. Akiba ya AVEC inagawanywa mwisho wa mzunguko, usiihesabu kwa ada ya shule ya Septemba kama mzunguko unaisha Desemba.

Ndugu mmoja alituambia, "Pasta, Daudi alihesabu na Mungu akampiga." Ni kweli, 2 Samweli 24. Lakini Mungu yule yule alimwamuru Musa ahesabu watu. Na Ezra, kabla ya safari ya kwenda Yerusalemu, alipima feza na zahabu mbele ya makuhani kumi na wawili. Walipofika, vikapimwa tena na uzito wote ukaandikwa. Ezra alikuwa amefunga na kuomba kwa ajili ya safari ile ile. Kumbe maombi na mzani vilisafiri pamoja.

Wengine wanaogopa wezi, na wengine wanaogopa macho ya jamaa. Hofu hiyo hatuicheki, tunaishi hapa hapa. Basi daftari iwe moja tu, ifungiwe mahali pamoja, na ijulikane na bwana na bibi, pamoja na mtoto mkubwa mwenye akili. Namba za siri za simu zisiandikwe humo. Andika tu namba ya simu, na jina la aliyeandikishwa, maana wengi tunatumia kadi iliyoandikishwa kwa jina la binamu. Andika tarehe juu ya ukurasa, dola peke yake na faranga peke yake. Kila miezi mitatu, kaeni tena.

Baba wa nyumba, tunasema nawe hasa. Sheria ya jamaa ya 1987 inawaweka watoto wa marehemu mbele ya ndugu zake. Lakini hakuna hakimu anayeweza kuwapa watoto wako kitu ambacho hakuna anayejua kiko wapi. Nasi watumishi tunakiri: tulipotoka kwenye matanga yale, tuliulizana sisi kwa sisi, na katika watu wanne ni mmoja tu ambaye mke wake alijua yote. Wengine watatu tulirudi nyumbani tukiwa kimya.

Mnatuuliza habari za yule mama. Likelemba moja marehemu alikuwa hajapokea zamu, na wenzake, Mungu awabariki, walimletea mjane pesa yote. AVEC nao walimpa hisa zake. Kadi mbili za simu zilikuwa tupu, ya tatu ilikuwa na dola 63. Kwa INSS, anatafuta bado karatasi za kazi ya zamani. Na yule mtu wa dola 400 angali anapita nyumbani kila mwisho wa mwezi, anaketi, anapewa chai, na mama hajui hata leo kama amlipe au amfukuze.